Fedha iende kwenye mpira, si kwenye rimu: kuchagua matairi ya Mark X na magari ya saluni ya aina yake

Hakuna anayenunua Mark X kwa sababu inakunywa mafuta kidogo. Inanunuliwa kwa ajili ya V6 ya lita 2.5 yenye nguvu za farasi zaidi ya 200, usukani unaojibu haraka, na ule msukumo wa magurudumu ya nyuma unapokanyaga mafuta kutoka kwenye taa. Toyota ililitoa gari hili Novemba 2004, toleo la pili likaja 2009, na uzalishaji ukasimama Desemba 2019. Lilitengenezwa hasa kwa soko la Japani, lakini leo ukikaa nusu saa kando ya barabara kubwa yoyote ya Dar es Salaam, Arusha, Nairobi au Mombasa utaliona likipita, pamoja na wenzake: Crown Athlete, Altezza, Legacy B4, Impreza WRX.

Kisha matairi yanaisha. Mwenye gari anaingia dukani na swali moja mdomoni: yote manne bei gani? Swali hilo ni halali, fedha ni ngumu. Ila likiwa ndilo swali la kwanza na la mwisho, gari lote alilolinunua linabadilika bila yeye kujua, kwa sababu nguvu ya injini, ukali wa breki na wepesi wa usukani vyote hupita kwenye vipande vinne vya mpira vinavyogusa lami, kila kimoja karibu na ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Juu ya vipande hivyo limekaa gari la tani moja na nusu.

Tufanye hesabu kidogo ili jambo hili lisibaki maneno matupu. Mark X mbili zinazofanana kwa kila kitu zinakwenda kilomita 80 kwa saa kwenye lami yenye maji, na madereva wote wawili wanakanyaga breki kwa wakati mmoja. Ya kwanza ina matairi yanayoshika vizuri, inasimama baada ya mita 32 hivi. Ya pili ina matairi ambayo mshiko wake ni robo tatu ya yale ya kwanza, kwa hiyo inahitaji karibu mita 43. Mita 11 zinaonekana chache, hazizidi urefu wa magari mawili na nusu. Lakini pale gari la kwanza liliposimama kabisa, la pili linapita bado lina spidi ya kilomita 40 kwa saa. Hiyo ni kwa sababu nishati ya gari hukua kwa mraba wa mwendo: ukibakiwa na robo ya nishati, umebakiwa na nusu ya spidi. Mtu anayevuka barabara pale kwenye mita ya 35 anagongwa na gari moja na haguswi na lingine, na tofauti yao ni mpira tu.

Ndiyo maana nasema mapema: kama una kiasi fulani cha fedha cha kugawa kati ya rimu na matairi, kipeleke kwenye matairi.

Namba za ubavuni

Ubavu wa tairi una habari nyingi kuliko muuzaji. Mark X nyingi za kawaida huvaa 215/60R16, na pembeni ya namba hizo utakuta kitu kama 95V. Namba 215 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 60 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, yaani asilimia 60 ya 215, ambayo ni milimita 129. R inaonyesha kuwa nyuzi za ndani zimepangwa kwa mtindo wa radiali, kama ilivyo kwa karibu matairi yote ya magari madogo siku hizi. Namba 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukijumlisha rimu na ubavu wa juu na wa chini, tairi lote linasimama milimita 664.

Hiyo 664 ndiyo namba ya kushika kichwani, kwa sababu gia, ABS (inayozuia magurudumu kujifunga unapokanyaga breki), mfumo wa kuzuia gari kuteleza na mshale wa spidi vyote vimepangwa kwa tairi la kimo hicho. Hapa ndipo mtego wa kwanza ulipo. Saizi ya 205/55R16 imejaa madukani na mara nyingi ni nafuu, kwa sababu huvaliwa na magari mengi sana ya ukubwa wa kati. Inaingia kwenye rimu ya inchi 16 bila tabu, na fundi atakwambia inakaa vizuri. Inakaa kweli. Lakini kipenyo chake ni milimita 632, karibu asilimia 5 pungufu. Gari linashuka kama sentimita moja na nusu, chini linaanza kugonga matuta ambayo zamani lilikuwa linayapita, na dashibodi ikikuonyesha 100 wewe unakwenda 95. Hata kilomita za gari zinahesabika haraka kuliko safari uliyokwenda.

Halafu kuna uzito. Ile 95 ni namba ya mzigo, na maana yake tairi moja limeruhusiwa kubeba kilo 690. Tairi la 205/55R16 la kawaida huandikwa 91, yaani kilo 615. Gari halitaanguka siku hiyo, manne kwa pamoja bado yanabeba zaidi ya uzito wake. Kinachopotea ni akiba. Ukipakia watu watano na mizigo ya kwenda Moshi mwezi wa Desemba, mzigo mkubwa unahamia ekseli ya nyuma, na kila shimo unalolipiga linaongeza kishindo juu ya uzito huo. Usishuke chini ya namba ya mzigo ambayo kiwanda kiliiweka.

Herufi ya mwisho ni ya spidi: T ni kilomita 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240, W ni 270 na Y ni 300. Wengi huuliza, V ya nini wakati magari ya soko la Japani hufungwa yasizidi 180 na mimi mwenyewe siendi zaidi ya 120? Herufi hiyo hupatikana kwa kulijaribu tairi kwenye joto na mzunguko mkali, kwa hiyo inakueleza pia jinsi lilivyojengwa kustahimili joto. Katika nchi ambayo lami ya saa nane mchana inaunguza mguu, ustahimilivu huo una faida hata ukiwa unakwenda 100.

Saizi sahihi ya gari lako imeandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, pamoja na kiasi cha upepo. Soma hicho, usisome matairi uliyoyakuta kwenye gari, maana aliyekutangulia huenda naye aliambiwa "inakaa vizuri".

Inchi 16, 17 au 18

Toyota yenyewe iliyavalisha baadhi ya matoleo ya kimichezo ya Mark X ya pili 235/45R18. Ukipiga hesabu, tairi hilo lina kipenyo cha milimita 669, tofauti ya chini ya asilimia moja na lile la inchi 16. Kwa hiyo kwa upande wa kipimo hakuna kosa. Kinachobadilika ni ubavu: umeshuka kutoka milimita 129 hadi 106. Ubavu mfupi haupindi sana kwenye kona, ndiyo maana gari la inchi 18 linahisi kali zaidi mikononi. Ni raha ya kweli na sitaibeza.

Lakini ubavu ni sehemu ya upepo inayokaa kati ya rimu yako na shimo. Gurudumu likiingia kwenye shimo lenye kingo kali, tairi linabanwa kati ya kingo hiyo na midomo ya rimu. Ubavu mrefu unakunjika na kurudi. Ubavu mfupi hauna pa kukunjikia, nyuzi za ndani zinakatika, na baada ya siku chache unaona nundu imetoka pembeni. Tairi lenye nundu limekwisha hata kama ni la wiki moja, kwa sababu hapo upepo unazuiwa na mpira mtupu, nyuzi hazipo. Mara nyingine rimu yenyewe ya alumini inapasuka kimya kimya na unabaki unajaza upepo kila asubuhi bila kujua unavujia wapi. Wanaopanda hadi inchi 19, kwa mfano 245/35R19, wamebaki na ubavu wa milimita 86. Kwa mtu anayeshuka kutoka barabara kuu kuingia mitaa ya Goba au Kitengela kila jioni, hicho ni kidogo mno.

Ukinilazimisha nichague, ningechukua inchi 16 au 17 na tairi zuri kuliko inchi 18 na tairi lililochaguliwa kwa sababu fedha ziliishia kwenye rimu. Kwa inchi 17 saizi ya 215/55R17 inafaa sana: kipenyo milimita 668, ubavu milimita 118, na ni saizi inayopatikana kwa sababu huvaliwa na saluni nyingine kubwa. Tahadhari moja: matoleo yenye injini kubwa na breki kubwa hayakubali rimu ndogo, inagonga kaliper, kile kifaa kinachobana breki. Jaribu rimu moja mbele kabla hujalipia zote.

Mpira wenyewe

Matairi mawili ya saizi moja, yenye namba zilezile ubavuni, yanaweza kutofautiana bei mara tatu. Sehemu ya tofauti ni jina, lakini sehemu kubwa imo kwenye mchanganyiko wa mpira ambao macho hayauoni.

Watengenezaji hupigania mambo matatu yanayovutana: mshiko, umri mrefu, na wepesi wa kuzunguka ambao huokoa mafuta. Mpira laini hushika lami lakini huisha haraka. Mpira mgumu hudumu lakini huteleza, hasa kwenye maji. Mpira unaozunguka kwa wepesi haupotezi nishati nyingi unapojikunja, na kujikunja huko huko ndiko kunakosaidia kushika. Miaka ya mwanzo ya 1990 Michelin walianza kuuza matairi ambayo sehemu kubwa ya masizi meusi imebadilishwa kwa silika, unga wenye asili ya mchanga, na hapo ikawezekana kupunguza ulaji wa mafuta bila kutupa mshiko wa kwenye maji. Tangu wakati huo ubora wa tairi kwa kiasi kikubwa ni uhodari wa kuchanganya. Tairi la bei ya chini kabisa huwa limechagua kudumu na kuwa rahisi kutengeneza, na mshiko wa kwenye mvua ndio unaolipa gharama hiyo.

Kwa saluni yenye nguvu utakutana na makundi matatu hivi. Lipo kundi la kuokoa mafuta, kama Ecopia za Bridgestone au BluEarth za Yokohama. Lipo kundi la kimichezo, kama Pilot Sport za Michelin, Potenza za Bridgestone, Advan za Yokohama, Eagle F1 za Goodyear na P Zero za Pirelli. Katikati yao kuna matairi ya safari yaliyotulia, kama Primacy za Michelin, Turanza za Bridgestone na PremiumContact za Continental, ambayo yana mshiko mzuri wa kwenye maji, kelele kidogo na umri wa kuridhisha. Mwenye Mark X ya kila siku, anayekwenda kazini Jumatatu hadi Ijumaa na Dodoma mara chache kwa mwaka, anafaa kundi la katikati. Kundi la kimichezo ni la yule anayeendesha kwa nguvu kweli na yuko tayari kununua tena mapema. Kampuni za Asia ambazo bei yake ni ya chini zimepiga hatua kubwa pia, na baadhi ya matairi yao ni mazuri. Ndiyo sababu jina peke yake halitoshi, tunahitaji namba.

Namba za kwanza ni zile za Marekani, ambazo hupigwa chapa ubavuni hata kwenye matairi yanayouzwa kwetu: TREADWEAR, TRACTION, TEMPERATURE. Ya kwanza ni ya kuisha. Tairi huendeshwa maili 7,200 kwenye barabara za Texas kando ya tairi la kulinganishia lenye alama 100, kisha mtengenezaji mwenyewe hupanga namba. Kwa kuwa kila kampuni hujipangia, 400 ya kampuni hii haiwi lazima sawa na 400 ya ile. Tumia namba hiyo kulinganisha matairi ya kampuni moja. Matairi ya kimichezo mara nyingi hukaa kati ya 200 na 340, ya safari huanzia kwenye mia tatu na kitu na kupanda. Ukiona 500 na zaidi kwa bei ya chini sana, kwenye gari linalosukuma kwa nyuma, jiulize ni nini kilichopunguzwa ili mpira udumu hivyo.

TRACTION, yaani mshiko, hupimwa kwa kufunga breki kwenye lami na zege vilivyolowa, kwa mstari ulionyooka. AA ndiyo ya juu, kisha A, B, C. Haikuambii chochote kuhusu kona. TEMPERATURE, yaani ustahimilivu wa joto, ina A, B na C, na hapa sitakuwa na upole: kwa joto letu chukua A. Daraja la C ni kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na sheria ya Marekani, na A ni tairi lililostahimili spidi zaidi ya kilomita 185 kwa saa kwenye maabara bila kuharibika.

Namba za pili ni za Umoja wa Ulaya, zilizo kwenye karatasi inayobandikwa juu ya tairi. Tangu Mei 2021 zina madaraja ya A hadi E kwa mafuta na kwa mshiko wa kwenye maji, pamoja na kelele kwa desibeli. Daraja la mshiko wa kwenye maji, lile lenye picha ya wingu la mvua, ndilo ninalolitazama kuliko lingine lolote, kwa sababu masika yetu hayana huruma na lami iliyokaa miezi bila mvua hujaa mafuta na vumbi linalogeuka utelezi kwenye dakika za mwanzo. Kama karatasi imeshabanduliwa, tafuta jina kamili la tairi na saizi yake kwenye hifadhi ya taarifa ya Ulaya iitwayo EPREL, iko wazi kwa kila mtu. Hakikisha tu saizi ni ileile, maana tairi la jina moja linaweza kuwa A kwenye saizi hii na C kwenye nyingine.

Tarehe, vinyweleo na theluji

"Bosi, hii mpya kabisa, vinyweleo hivi hapa." Ukizunguka maduka ya Gerezani au Kirinyaga Road utaisikia sentensi hiyo kwa namna mbalimbali, na anayeisema mara nyingi anaiamini. Vinyweleo vile vya mpira hutokea kwenye matundu ya kutolea hewa ya kalibu wakati tairi linapikwa kiwandani. Vinathibitisha kwamba tairi halijatembea. Havithibitishi lilitengenezwa lini. Tairi lililokaa miaka sita dukani, tena juani mbele ya mlango kama tangazo, bado lina vinyweleo vyote.

Tarehe iko kwenye mstari unaoanza na DOT. Tafuta tarakimu nne za mwisho, mara nyingi zimezungushiwa umbo la yai: 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Mara nyingi tarakimu hizo zipo upande mmoja tu wa tairi, na tairi likishafungwa upande huo unaweza kuwa umeingia ndani usikoweza kuona bila jeki. Zisome zote nne kabla fundi hajaanza kazi, kwa sababu seti moja inaweza kuwa na miaka miwili tofauti. Mpira huzeeka kwa joto, jua na hewa hata ukiwa umelala. Watengenezaji wakubwa wanashauri ukaguzi wa kila mwaka kuanzia mwaka wa tano na kutozidi miaka 10 tangu kutengenezwa, na kampuni kadhaa za magari husema 6. Kwa gari linalolala nje Pwani ningefuata hiyo 6.

Sasa mtumba. Najua kwa nini tairi la mtumba linanunuliwa, na sitamwambia mtu mwenye bajeti hiyo kwamba hana haki ya kutembea. Ila kuna aina moja inayoingia na magari yenyewe kutoka Japani ambayo inanitia hofu kuliko zote. Ni matairi ya theluji. Gari lililotumika Hokkaido au Tohoku mara nyingine linashuka bandarini likiwa limevaa Blizzak, iceGUARD au Winter Maxx zenye mifereji mirefu bado, na mwenye gari anafurahi kwamba hana haja ya kununua matairi mwaka huu. Angalia ubavuni: litakuwa limeandikwa STUDLESS, au lina alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Uso wake umekatwakatwa vijistari vyembamba vingi vya kupindapinda, na ukiubonyeza kwa kucha unaingia.

Mpira huo umetengenezwa ubaki laini chini ya nyuzijoto 7. Lami yetu mchana inaweza kupita nyuzijoto 50. Hapo tairi linakuwa laini kupita kiasi, vile vipande vilivyokatwakatwa vinayumba kwenye kona na kwenye breki, umbali wa kusimama unaongezeka, na mpira unaliwa kwa kasi. Kwenye Mark X inayosukuma kwa nyuma, ukikanyaga mafuta kwenye kona yenye maji utasikia mkia unahama. Uza matairi hayo kwa mtu wa mkokoteni, usimuuzie mwenye gari mwenzako. Herufi M+S zikiwa peke yake bila ule mlima ni jambo jingine na haziogopeshi.

Kwa mtumba wa kawaida, omba kuona ndani ya tairi kabla halijavalishwa. Kiraka kikubwa cha ndani, au mpira wa ndani uliochanikachanika na kutoa unga mweusi pembeni, maana yake lilitembezwa bila upepo na ubavu wake umekwisha. Kwa nje litaonekana zuri kabisa.

Mawili au manne

Kama fedha inatosha mawili tu, mapya yanakwenda nyuma. Wengi hushangaa, hasa wenye magari yanayovuta kwa mbele, lakini sababu ni nyepesi: matairi ya mbele yakiteleza kwenye maji gari linanyooka na unahisi kwenye usukani, ukiachia mafuta linarudi. Ya nyuma yakiteleza gari linazunguka, na wachache wanaweza kulirudisha. Kwa Mark X ya kawaida hoja ina nguvu mara mbili kwa sababu nyuma ndiko nguvu inakoshukia. Ekseli moja ivae matairi yanayofanana kwa jina, saizi na kiasi cha kuisha, na usichanganye kushoto na kulia.

Wenye Subaru hawana uhuru huo. Legacy B4 na WRX zinasukuma magurudumu yote manne, na tairi lililoisha huzunguka mara nyingi zaidi kuliko jipya kwa kilomita ileile. Mfumo wa katikati unaounganisha mbele na nyuma unaanza kufanya kazi muda wote, hata kwenye barabara iliyonyooka, unapata joto na kufa. Subaru Marekani husema mzingo wa matairi manne, yaani urefu wa kulizunguka tairi kwa nje, usitofautiane zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6 hivi. Huo ni mzingo, si kimo cha mifereji. Kwa kimo ni kama milimita moja tu. Likipasuka moja na mengine yamefika nusu, kununua manne kunauma, lakini gharama ya mfumo huo inauma zaidi. Sheria hii inahusu pia Mark X chache zinazosukuma magurudumu yote.

BMW 3 Series nyingi hutoka kiwandani na matairi yanayoweza kutembea bila upepo, na hazina tairi la akiba. Ukiyabadilisha kwa matairi ya kawaida, ambayo ni laini na nafuu zaidi, tafuta na tairi la akiba siku hiyohiyo.

Siku ya kufunga

Simama karibu fundi anapofunga. Matairi yenye mshale na neno ROTATION lazima yazunguke kuelekea mshale ulipo, na yale yaliyoandikwa OUTSIDE upande mmoja lazima upande huo uonekane nje. Likifungwa kinyume, mifereji iliyochorwa kutoa maji haitoi inavyopaswa. Dai balansi kwa mashine, na valvu mpya kwa kila rimu.

Kisha alaimenti, siku hiyohiyo. Kama gari lilikuwa linakula tairi upande wa ndani, matairi mapya yataliwa vilevile mpaka fundi apime pembe na kuangalia bushi za mikono ya chini. Bushi zikiwa zimelegea, mashine itaonyesha namba nzuri gari likiwa limesimama na namba hizo zitapotea ukifika kwenye tuta la kwanza. Badilisha bushi kwanza.

Upepo upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kiasi kilicho kwenye kibandiko cha mlango. Kuna ushauri unaozunguka sana wa kupunguza upepo unapokwenda safari ndefu ya joto, ati tairi lisipasuke. Ni kinyume chake. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja zaidi kila mzunguko, kujikunja kunazalisha joto, na joto ndilo linalolipasua. Upepo kuongezeka tairi likipata moto ni jambo ambalo kiwanda kilishalihesabu, kwa hiyo usiutoe ukisimama Chalinze au Mtito Andei. Naitrojeni haina ubaya, lakini hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78. Kipimo cha upepo chako mwenyewe kwenye droo ya gari kitakufaa zaidi.

Kilomita 300 za mwanzo endesha kwa utulivu, uso wa tairi jipya bado una utelezi wa kiwandani. Baada ya kama kilomita 100 zirudie nati zote kwa spana, gari likiwa limepoa. Na mifereji ikifika milimita 3, anza kutafuta seti nyingine bila kusubiri vile vipande vidogo vya TWI vilivyo ndani ya mifereji viguse lami: hivyo huwekwa kwenye milimita 1.6, na tairi la kwenye mvua huwa limeshapoteza sehemu kubwa ya kazi yake kabla ya hapo.